Ziara ya Mwandishi Shuleni: Namna ya Kuwafanya Watoto Waandike, Sio Wapige Makofi Tu

"Dada, nimekubaliwa kwenda shule ya msingi wiki ijayo. Nafanyaje?" Simu za namna hii nazipokea kila mara kutoka kwa waandishi wenzangu waliotoa kitabu chao cha kwanza cha watoto. Maswali ni yale yale: ruhusa naomba kwa nani, nibebe nini, watoto mia na ishirini nitawatuliza vipi, vitabu naruhusiwa kuuza? Nimechoka kujibu vipande vipande huku sufuria ikiungua jikoni, kwa hiyo majibu yote nimeyaweka hapa.

Naandika kuhusu shule za msingi za Tanzania Bara, hasa za serikali, maana huko ndiko ninakozunguka. Ukiwa Unguja, Mombasa au Bujumbura, taratibu za ruhusa zitabadilika, lakini ya darasani utayakuta hayo hayo.

Ziara yangu ya kwanza ilikuwa ya aibu, ingawa siku ile niliona imefana. Nilizungumza dakika hamsini kuhusu maisha yangu, nikasoma kitabu kizima, watoto wakaimba, tukapiga picha. Baada ya miezi miwili nikapita tena pale. Nikawauliza wanakumbuka nini. Walikumbuka viatu vyangu vya njano. Tangu hapo kipimo changu ni kimoja: nikitoka darasani, kila mtoto awe na karatasi yenye maneno yake mwenyewe. Kama hakuna karatasi, nilikwenda kutembea.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA HUJAANZA

- Ruhusa ya maandishi. Ya simu haitoshi, na utaona kwa nini hapo chini.
- Kitabu kimoja. Sio vitano. Kiwe kinasomeka kwa sauti ndani ya dakika nane, au kiwe na sehemu ya dakika nane inayojitegemea.
- Karatasi za A4: moja kwa kila mtoto, na ya ziada moja kwa kila watoto watano. Darasa la watoto 90 linahitaji karatasi 108. Rimu moja ina karatasi 500, kwa hiyo inakutosha madarasa manne ya ukubwa huo.
- Penseli, angalau nusu ya idadi ya watoto, zikiwa zimechongwa nyumbani. Ukianza kuchonga darasani umepoteza robo saa, na watoto watatoa nyembe mifukoni wakusaidie. Usikubali. Mwaka juzi niliona kidole kikichanika mbele yangu kwa sababu ya haraka yangu.
- Karatasi mbili za manila, maka peni na selotepu.
- Boksi dogo la chaki zako mwenyewe. Chaki za shule zina hesabu yake.
- Chupa ya maji. Kusomea watoto mia chini ya bati saa sita mchana kunakausha koo kuliko unavyodhani.
- Saa ya mkononi. Simu ikae kwenye mkoba, ukiitoa kila dakika watoto nao watataka kuiona.

Usibebe pipi. Najua unataka kuwafurahisha, lakini pipi tisini kwa watoto tisini na wanne ni vita, na kuanzia hapo hakuna atakayesikia hadithi. Spika ya kukodi nayo iache. Inakufanya uwahutubie watoto badala ya kuzungumza nao.

HATUA KWA HATUA

1. Chagua wakati ambao shule inapumua.

Februari hadi Aprili, na Julai hadi Agosti, ndiyo miezi mizuri. Januari walimu wako kwenye uandikishaji na madawati hayajatosha. Septemba darasa la saba wana mtihani wa kumaliza, na Oktoba na Novemba darasa la nne wana upimaji wao wa kitaifa. Hata kama wewe unaenda darasa la tano, shule nzima imeshika pumzi. Siku ya Mtoto wa Afrika, 16 Juni, inaonekana nzuri kwenye kalenda, ila mara nyingi inaangukia likizo. Afadhali wiki ya 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Walimu wa Kiswahili wanatafuta jambo la kufanya wiki hiyo, na wewe ndiye jambo lenyewe.

2. Omba ruhusa kwa barua fupi.

Nenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu, na barua mkononi. Kwenye shule za serikali huenda akakwambia upite kwanza halmashauri, kwa afisa elimu wa msingi, au uanzie kwa afisa elimu kata. Usinung'unike. Kuna shule niliwahi kufika na ruhusa ya simu tu. Mwalimu aliyeniruhusu alikuwa amehamishwa wiki iliyotangulia, na mrithi wake hakunijua. Nikarudi na rimu yangu kichwani. Jipe wiki tatu au nne za kuzunguka na barua.

Mwili wa barua usizidi hapa:

"Mimi ni mwandishi wa vitabu vya watoto. Naomba kuja kufanya kipindi cha kusoma na kuandika hadithi na wanafunzi wa Darasa la Tano kwa vipindi viwili vinavyofuatana (dakika 80). Karatasi na penseli nitakuja nazo. Sitauza kitu wala kukusanya mchango kwa mwanafunzi yeyote. Naomba mwalimu wa Kiswahili awepo darasani muda wote."

Sentensi ya kutouza ndiyo inayofungua milango. Elimu ya msingi kwenye shule za serikali haina ada, na michango ya kiholela imepigwa marufuku. Mwalimu mkuu akisikia harufu ya mgeni anayetaka watoto waje na elfu tatu tatu za kitabu, anaona kikao cha kujieleza kinamsubiri. Kama unataka kuuza, zungumza na uongozi na kamati ya shule kuhusu maktaba kununua nakala, siku nyingine kabisa.

Shule binafsi ni habari tofauti. Huko uliza mapema kama wanakulipa nauli na posho, na ukubaliane nao kiasi kabla ya siku yenyewe. Usione haya, umeacha kazi zako.

Picha nazo zizungumzwe sasa, sio siku ile. Tuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na uso wa mtoto ni taarifa yake. Idhini itoke kwa mzazi kupitia shule. Mimi nimerahisisha: napiga picha za karatasi na mikono inayoandika, basi.

3. Onana na mwalimu wa Kiswahili kabla ya siku.

Dakika kumi tu, hata kwa simu. Muulize watoto ni wangapi hasa (idadi ya kwenye daftari la mahudhurio na idadi ya wanaokuja ni vitu viwili), wangapi bado wanasumbuka kusoma, na nyumbani wanazungumza lugha gani. Muulize pia hadithi za hapo zinaanzaje. Kuna mahali ukisema "Paukwa!" unajibiwa "Pakawa!" kwa kishindo, na kuna mahali watoto watakutazama tu, wao wamezoea "Hadithi, hadithi!" na jibu lake "Hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea!" Unataka ujibiwe mara ya kwanza.

Omba vipindi viwili vinavyofuatana. Kipindi cha madarasa ya juu ni dakika 40, na arobaini zikishaondolewa salamu na utambulisho zinabaki ishirini na tano. Darasa la nne na la tano ndio umri ninaoupenda: wanaweza kuandika, na bado hawajaanza kuona aibu.

Halafu mwombe jambo moja gumu kidogo: siku hiyo fimbo ibaki ofisini. Liseme kwa adabu, kwa kucheka kama unaweza, lakini liseme. Mtoto hawezi kuandika ukweli wa nyumbani kwao huku anaangalia fimbo mlangoni.

4. Kunja vijitabu nyumbani.

Watoto wakipewa karatasi ya wazi wanaona mtihani. Wakipewa kijitabu wanaona kitabu. Karatasi moja ya A4 inatoa kijitabu cha kurasa nane, bila pini wala gundi:

Laza karatasi mezani, ubavu mrefu ukiwa mbele yako. Ikunje nusu, kushoto ije kulia. Ikunje nusu tena vivyo hivyo. Kisha nusu ya tatu, juu ije chini. Kunjua yote: una miraba minane, minne juu na minne chini. Sasa ikunje mara moja tu, kushoto ije kulia. Kwenye upande wa mkunjo, kata kwa mkasi ukifuata mstari wa katikati, na usimame pale mstari unapokutana na mkunjo unaofuata. Usipitilize. Kunjua: kuna mpasuko katikati ya karatasi, na kingo zote ni nzima. Ikunje sasa kwa urefu, mpasuko ukae juu kwenye mgongo. Shika ncha mbili, zisukume zikutane. Mpasuko utafunguka kama mdomo wa samaki na karatasi itasimama kama msalaba. Zungusha kurasa zote upande mmoja, bana kwa kucha.

Cha kwanza kitakuchukua dakika tano na matusi kidogo. Cha kumi, dakika moja. Kunja jioni mbele ya taarifa ya habari. Ukiwaonyesha watoto kwamba na vitabu vya dukani huchapwa kwenye karatasi kubwa inayokunjwa, ndiyo maana vingi vina kurasa 16, 24 au 32, utaona wanaanza kuhesabu kurasa za vitabu vyao vya kiada.

Angalizo: usiwape watoto kazi ya kukunja na kukata siku ile ile. Nilijaribu. Kengele iligonga tukiwa kwenye mkunjo wa pili.

5. Fika mapema, ulione darasa.

Nusu saa inatosha. Saini kitabu cha wageni, amkia walimu, kunywa chai ukipewa. Kisha ingia darasani peke yako: jua linapiga upande gani, ubao unasomeka kutoka nyuma, kuna madawati mangapi. Dawati la watatu likikaa watano, mtoto wa katikati hana pa kuweka mkono wa kuandikia; wachache wakae chini mbele, juu ya mkeka au khanga. Bandika manila yako ukutani. Mwalimu akitaka kukupeleka mstarini ukahutubie shule nzima, kubali dakika tatu, usalimie, ukimbie.

6. Fungua kwa mdomo.

Watasimama na kukuamkia "Shikamoo mgeni wetu!" kwa ule wimbo wa shule. Itikia, wakae, na usianze na "Mimi ni mwandishi maarufu". Anza na kitendawili.

"Kitendawili!"
"Tega!"
"Nyumba yangu haina mlango."

Yai, watalipata upesi. Tega kingine kigumu zaidi, "Kuku wangu ametaga miibani" (nanasi), na wakishindwa waombe mji. Kisha wageuzie: wao wakutege wewe. Ukishindwa mbele ya watoto tisini, wakakutoza mji na wewe ukatoa Dodoma kwa huzuni, tayari mmekuwa marafiki. Dakika tano, sio zaidi. Vitendawili vina utamu wa kukupotezea saa.

7. Soma, lakini simama pabaya.

Soma ukitembea kati ya madawati, kitabu kikiwa kimewaelekea. Sauti za wahusika ziwe tofauti. Ukiona haya kulia kama mbuzi, kazi hii itakusumbua. Fika mahali pabaya kabisa, mlango unafunguliwa, nyoka yuko juu ya paa, kisha funga kitabu. Watapiga kelele. Waulize wangefanyaje wao. Kitabu utakiacha kwa mwalimu ili kesho awamalizie, na hapo umempa mwalimu kipindi kizuri bure.

Maisha yako waelezee kwa dakika mbili tu, na kwa vitu: waonyeshe mswada wako uliojaa mistari ya kukata. Nabeba ukurasa mmoja niliouandika mara sita. Mtoto aliyezoea kuchapwa kwa ajili ya kufutafuta daftari anashangaa sana kuona mtu mzima naye anafuta.

8. Waandike.

Hapa ndipo ulipokuja. Dakika zisizopungua thelathini na tano ziwe za hapa, hata kama yote mengine yameporomoka.

Usiwaambie "andikeni hadithi yoyote". Utapata hadithi tisini za sungura na fisi, nazo zitakuwa zimenakiliwa dawati kwa dawati. Wape jambo moja ambalo kila mtoto wa nchi hii amelipitia: siku nilipotumwa dukani, mambo yakaharibika.

Kwanza waongee. Kila mtoto amsimulie jirani yake kwa dakika mbili, kisha wabadilishane. Darasa litavuma kama mzinga na mwalimu ataogopa, mwambie aache. Wengi wa watoto hawa husimulia vizuri sana na huandika kwa woga, na mdomo ukitangulia, mkono unapata pa kushika.

Kisha wape sheria mbili za siku hiyo. Sentensi ya kwanza isiwe "Hapo zamani za kale" wala "Siku moja". Ya mwisho isiwe "Hadithi hii inatufundisha kuwa". Mbele ya mwalimu, waambie wazi kwamba kanuni za insha ya mtihani ziko pale pale. Leo tu tunacheza nje ya uwanja. Usipolisema hilo, utaondoka na mwalimu ataona umemharibia kazi ya mwaka.

Sasa waandike, na wewe zunguka. Acha nikuonyeshe ninachomaanisha. Mtoto mmoja wa darasa la nne alikuwa amemaliza kwa dakika tatu, kalamu imewekwa chini, mikono imekunjwa:

"Mama alinituma dukani kununua chumvi. Nilipoteza hela. Mama alinipiga. Nikalala."

Nikachuchumaa.

"Hela ilikuwa noti au sarafu?"
"Sarafu."
"Ulikuwa umeishika wapi?"
Akatazama chini. "Mdomoni."
"Kwa nini mdomoni?"
"Mfuko umetoboka."
"Ikawaje?"
"Nikapiga chafya."
"Ukiwa wapi?"
"Juu ya mtaro."

Jirani zake walikuwa wameshaanza kucheka, naye akaanza kucheka. Nikamwomba ruhusa, nikaandika ubaoni sentensi yake mpya ya kwanza: "Mfuko wangu ulitoboka, kwa hiyo hela ya chumvi niliiweka mdomoni." Hakuna jambo nililoongeza. Nilichofanya ni kuuliza, na darasa zima likaona hadithi ilikuwa imejificha wapi. Watoto wakarudi kwenye vijitabu vyao wakaanza kufuta.

Maswali ninayozunguka nayo ni haya, chagua mawili kwa kila mtoto, usimmwagie yote: Ilikuwa wapi hasa? Ulishika nini mkononi? Alisema nini, kwa maneno yake mwenyewe? Ulisikia nini kabla hujaona? Ulimficha nani?

Hilo la maneno mwenyewe lina uzito. Kama bibi yake huzungumza Kisukuma, mwache bibi aseme Kisukuma kwenye hadithi, kisha mtoto atwambie kwa Kiswahili alimaanisha nini. Bibi anayezungumza Kiswahili sanifu cha taarifa ya habari si bibi wa mtu yeyote.

Angalizo kubwa: usisahihishe tahajia siku hiyo. Mtoto akiandika "nikarara" umeelewa amelala. Ukichukua kalamu nyekundu hata mara moja, darasa zima litaanza kuandika maneno mafupi ambayo lina uhakika nayo. Tahajia ina siku yake, na ina mwalimu wake. Wala usichukue penseli ya mtoto ukamwandikia sentensi nzuri. Nimewaona waandishi wazuri wakifanya hivyo kwa upendo kabisa, na mtoto akasoma mbele ya wenzake maneno yasiyo yake.

Dakika tano za mwisho ni za jalada: jina la hadithi, mchoro, na chini yake "Mwandishi:" na jina lake kamili. Tulia hapo utazame. Kuna watoto huandika jina lile kwa mwandiko ambao hawajawahi kuutumia kwenye daftari la hesabu.

9. Wasome wachache, kwa hiari.

Watatu wanatosha. Usichague wenye mikono iliyonyooshwa mbele tu. Ulipokuwa unazunguka umeshaona kijitabu kilichokuchekesha kule nyuma, mwulize mwenyewe taratibu kama angependa. Akikataa, basi. Msomaji asimame palipo na mwanga, na darasa liseme kitu kimoja walichokiona kwa macho ya akili, sio "nzuri" na makofi.

10. Acha kitu nyuma yako.

Vijitabu vibaki shuleni, ni mali ya watoto. Mwombe mwalimu atundike kamba ukutani, vijitabu vikae hapo kama nguo zilizoanikwa, watoto wabadilishane wakati wa mapumziko. Kama shule ina gazeti la ukutani, hadithi mbili ziende huko. Mwachie mwalimu kijitabu kimoja kilichokunjwa na karatasi ya maelekezo, pamoja na yale maswali matano. Mradi wa African Storybook una hadithi za Kiswahili za kupakua bure, mwonyeshe kwenye simu yake jinsi ya kuzipata. Shule nyingi hazina vitabu vya ziada zaidi ya vya kiada.

Usiahidi kurudi kama hutarudi. Ukiahidi, andika tarehe. Mimi huwa naahidi barua moja kwa darasa zima, ndani ya mwezi, nikitaja mambo matatu niliyoyasoma kwenye vijitabu vyao. Barua hiyo naituma kweli.

MAMBO YAKIHARIBIKA

Watoto wamenyamaza, hakuna anayejibu. Mara nyingi ni uwepo wa wakubwa wengi mlangoni. Waombe walimu wa ziada, kwa heshima, wakuachie mwalimu mmoja. Kisha simulia wewe kwanza siku uliyotumwa dukani ukaharibu. Iwe ya aibu kweli.

Umekuta watoto 150. Usijaribu kuwafikia wote. Wagawe kwa madawati, kila dawati kijitabu kimoja, waandike kwa zamu, ukurasa mmoja kila mtoto. Utaacha watu wachache wamenuna, lakini wote watakuwa wameandika.

Muda umekatwa ukabakiwa na dakika ishirini. Ruka vitendawili, ruka kitabu, ruka historia yako. Dakika mbili za kusimuliana, dakika kumi na tano za kuandika.

Mvua imeanza juu ya bati. Hakuna atakayekusikia, usishindane nayo. Andika ubaoni: CHORA. Wachore kwanza hadithi kwenye kurasa za kijitabu, maneno yaje mvua ikipungua.

Mtoto wa darasa la tano hawezi kuandika. Utakutana naye, na hatakwambia. Ataficha karatasi kwa kiwiko. Usimtaje. Mwambie achore, kisha akusimulie, wewe uandike maneno yake kama alivyoyasema chini ya mchoro. Hapa tu ndipo naruhusu mkono wa mtu mzima kwenye kijitabu. Baadaye mwambie mwalimu, pembeni.

Shule ya mchepuo wa Kiingereza, watoto wanaona Kiswahili ni cha mtaani. Usiwahubirie uzalendo. Waambie waandike mama alivyosema alipokasirika. Hakuna mama wa Kinondoni anayegomba kwa Kiingereza hadi mwisho.

Mwalimu anajibu badala ya watoto. Mpe kijitabu chake naye aandike siku aliyotumwa dukani. Nimefanya hivyo mara nyingi, na hakuna aliyekataa. Mwalimu mmoja alimaliza wa mwisho.

Mtoto ameandika jambo zito: anapigwa vibaya, kuna mtu anamgusa, hali chakula. Hili litatokea siku moja, kwa hiyo jiandae kabla. Kijitabu kile kisisomwe kwa sauti wala kutundikwa. Usimchimbe maswali, usikae naye chumbani peke yenu, na usimwahidi kuwa itakuwa siri. Mwambie umesoma na umemwamini. Siku ile ile zungumza na mwalimu wa malezi na unasihi au mwalimu mkuu. Kama anayetajwa yuko hapo hapo shuleni, nenda kwa afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi. Namba 116 ni ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, ni bure, ipige hata kwa kuuliza tu ufanyeje.

Umesahau kitabu kwenye daladala. Nilishasahau changu, pamoja na chaki na chupa ya maji. Vijitabu vilikuwa salama kwa sababu nilivipakata. Nilisimulia hadithi yangu kwa mdomo, nikakosea majina ya wahusika wangu mwenyewe, watoto wakanisahihisha hadi mwisho. Kwa hiyo ukiwa safarini, vijitabu pakata. Vingine viweke popote.